Fenda za pikapu: Tuanze kuzuia drili

UKIINGIA katika gereji nyingi za bodi mjini Tabora na kumwomba fundi akufungie zile plastiki nyeusi zinazozunguka fenda juu ya matairi, kitu cha kwanza atakachoshika ni drili. Kwa maoni yangu, wakati umefika wenye magari tuzuie mkono huo.

Tukubaliane kwanza kwamba plastiki hizo si urembo tu. Mwenye pikapu anayebeba tumbaku kutoka Urambo au asali kutoka Sikonge hufunga matairi mapana ili asikwame kwenye mchanga na tope. Tairi likitokeza nje ya bodi hurusha mawe na matope kwenye milango na kwa wapita njia. Ni kweli lami imefika Nzega, Urambo na Sikonge, lakini mashamba na mizinga havikai kando ya lami.

Tatizo ni namna ya kuzifunga. Pikapu yangu ilitobolewa matundu sita kwa kila fenda, jumla 24. Kila tundu lilikata rangi na kuacha bati wazi, na fundi hakupaka hata tone la rangi ya kuzuia kutu. Msimu wa kwanza wa mvua, matope yalijikusanya nyuma ya plastiki. Msimu wa pili nilipozifungua, kidole kilipenya kwenye bati. Fenda mbili za nyuma zilikatwa na kuchomelewa upya, kwa fedha nyingi kuliko bei ya plastiki zenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nililipa fundi anitobolee ufa.

Njia nyingine ipo, nayo ni gundi. Najua wapo watakaocheka kwamba gundi ni ya daftari na viatu. Wajiulize kioo cha mbele cha gari lao kinashikwa na nini. Katika magari mengi ya leo hakuna skrubu hata moja pale. Ni gundi ya poliurithani. Isitoshe, skrubu hubeba mtikisiko wote mahali pamoja, ndiyo maana plastiki hupasuka pale pale penye tundu. Gundi hugawa mzigo huo kwenye eneo zima.

Lakini sisemi kwamba gundi yoyote inafaa. Supa gluu hukauka ikawa ngumu na kukatika kwa mtikisiko wa barabara yenye makorongo. Gundi ya viatu hulegea bodi ikichomwa na jua la Oktoba. Inayotakiwa ni ile ya vioo, au mkanda wa povu wenye gundi pande mbili uliotengenezwa kwa ajili ya magari. Vyote viwili hubaki na ulaini wa kufuata plastiki inapotanuka kwa joto.

Sisi wa Tabora tuna adui wawili wa gundi. Wa kwanza ni vumbi la kiangazi. Wa pili ni nta, ile tunayojivunia kuiuza, kwa sababu nta ya kung'arishia rangi haikubali kitu kishike juu yake. Kwa hiyo gari lioshwe kwa sabuni, likaushwe, kisha lifutwe kwa spiriti na kitambaa safi, kivulini, bodi ikiwa haiunguzi mkono. Kuna plastiki ambazo hazishiki bila kupakwa praima kwanza. Baada ya kubandika, kandamiza kila sehemu kwa nguvu, kisha liache gari.

Hapo kwenye kuliacha ndipo wengi tunaposhindwa. Mkanda mzuri hupata nguvu zake zote baada ya siku tatu hivi, na angalau siku moja ya kwanza gari lisiguse maji wala barabara mbovu. Mwenye gari la biashara ataona hiyo ni hasara. Apige hesabu: siku moja bila mzigo, au wiki nzima gari likichomelewa?

Gundi ina udhaifu wake pia. Hustahimili kuvutwa, ila hushindwa ikianza kubanduliwa ukingoni, kama stika. Gari linalopita porini na kukwaruzwa na matawi liongezewe skrubu mbili kwa kila plastiki, kwenye matundu ya kiwandani yaliyopo ndani ya ukingo wa fenda. Hakuna haja ya tundu jipya.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka hapa hadi Bagamoyo hawakuondoka kambini kabla ya mzigo kufungwa sawasawa. Vyuo vya ufundi, kikiwemo cha VETA hapa Tabora, viwape vijana wa bodi ujuzi wa gundi sambamba na ule wa kuchomelea. Nasi wateja tumuulize fundi maswali matatu kabla ya kulipa: ni gundi gani, utasafisha kwa nini, na gari litalala siku ngapi? Akijibu kwa kuwasha drili, ondoa gari lako. Rahisi huvunja upishi.