Tusisubiri darubini kubwa

Najua nimepotea, majaribio yalinibana wee mpaka nikasahau hapa kwangu. Leo nimerudi na dukuduku kuhusu klabu yetu ya elimu ya anga. (Narudia kwa watani wangu wa bwenini: hatupigi ramli!)

Juzi kikaoni limetolewa wazo kwamba tusimamishe ile mikutano ya usiku ya kila mwezi kule kiwanjani, michango yote iwekwe benki mpaka ifike bei ya darubini kubwa. Eti mgeni akija akakuta tunagombania darubini moja ya mkono, tena ya kuazima, anaondoka na harudi. "Tunajiaibisha," mmoja akasema. Jumamosi tunapiga kura. Mie nitapinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tumekuaje? Tulianza watu saba na mkeka mmoja, nyuma ya goli ambako taa za bweni hazifiki. Hiyo hiyo darubini ya kuazima, ukiiegemeza kwenye mlingoti wa goli isitikisike, unaiona sayari ya Mshtarii na vinukta pembeni yake, ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mwenzangu wa chumbani alipoiona akaniuliza, "Sasa mbona shuleni tulikaririshwa majina tu?" Toka siku hiyo hajakosa.

Halafu ikaja tarehe 7 Septemba 2025. Chuo kimefungwa, kila mtu yuko kwao. Mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka karibu saa nne, ukawa mwekundu kama tofali la kuchoma. Sikuwa na kifaa chochote. Nilitoa viti uani, bibi na majirani wakakaa, nikawaeleza kwamba dunia imeingia katikati ya jua na mwezi, na ule wekundu ni mwanga wa jua uliopita kwenye hewa yetu ukapinda mpaka kule. Bibi akasema, "Kumbe kile ni kivuli chetu wenyewe!" Wenzangu kadhaa nao walifanya hivyo huko kwao. Chuo kilipofunguliwa, mkeka haukutosha. Jamani, hakuna darubini iliyotuletea wale watu.

Pili, wengi wetu kwenye klabu tunasomea ualimu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki pete pale Rujewa, wilayani Mbarali, watu wakasafiri kwenda kuona. Mie nilikuwa shule ya msingi, mkoa mwingine. Walimu walituingiza darasani wakafunga madirisha. Basi. Siwalaumu, waliogopea macho yetu, na kweli jua halitazamwi hivi hivi. Lakini ungelipa jua mgongo, ukashika boksi lenye tundu dogo, ungeliona limemegwa kwenye karatasi, bila hatari. Nadhani hakuna aliyewahi kuwaonyesha walimu wetu.

Tarehe 2 Agosti 2027 linapatwa tena. Kupatwa kamili kutapita Luxor kule Misri, kutapita Makka, mpaka Somalia. Sisi huku tutaona limemegwa sehemu tu. Wakati huo baadhi yetu tutakuwa na madarasa yetu. Na sisi tutafunga madirisha?

Sisemi darubini kubwa haina maana. Pete za Zohali nazitamani hata mie, na kwa ile ya mkono huzioni. Ila tuweke akiba theluthi moja ya michango, inayobaki inunue darubini mbili za mkono za kwetu wenyewe, na nauli ya kwenda shule za jirani. Msiniambie wanafunzi wa kutwa hawapo usiku. Mwezi ukiwa nusu, ule unaokua, saa kumi alasiri uko juu upande wa mashariki, unaonekana kabisa kabla hawajaenda nyumbani.

Klabu ikikaa mwaka mzima ikihesabu hela bila kutoka nje, siku darubini ikifika itakuta hakuna wa kuitumia.

Naomba kutoa hoja. Mnaokubali na mnaokataa, wote njooni Jumamosi. Kulalamika kwenye foleni ya kantini hakuhesabiwi kama kura.

Alamsiki.