Tuache kuisingizia lugha ya mama

Mwanafunzi Mkikuyu ameandika "kiatu yangu". Mtafiti wa makosa ya wanafunzi anapiga mstari, anaandika pembeni "athari ya lugha mama", anafungua ukurasa unaofuata. Kwake, kazi imekwisha.

Haijaisha. Kwa Kikuyu, kiatu ni kĩratũ, na kiatu changu ni kĩratũ gĩakwa. Ngeli ipo na upatanisho upo. Mtoto huyu angeifuata lugha ya mama yake, angepata alama zote. Kosa limetoka kwingine: pengine ni Kiswahili anachokisikia njiani na kwenye matatu, ambako "yangu" imekuwa kofia ya kila kichwa, pengine ameshika kanuni moja na kuitandaza kila mahali.

Hatusemi lugha ya kwanza haina mkono. Mjaluo akitamka "samba" badala ya "shamba", sababu inajulikana: Kijaluo hakina sauti hiyo ya sh. Lakini kutia "samba" na "kiatu yangu" katika kapu moja ni sawa na kuita kila homa malaria bila kupima damu.

Na kipimo tunacho. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitenganisha kuteleza na kukosea. Aliyeteleza akionyeshwa hujirekebisha mwenyewe. Aliyekosea haoni kasoro, maana ndivyo anavyoijua lugha hadi hapo. Mwaka 1971 mwanaisimu mwingine, Jack Richards, akaeleza makosa yanayozaliwa ndani ya lugha inayofunzwa, si katika lugha ya nyumbani. Zaidi ya miaka 50 baadaye, bado tunabandika jina kwanza na kutafuta sababu baadaye, kama tunaitafuta kabisa.

Dawa ni rahisi. Mrudishie mwanafunzi insha yake kesho yake, umwambie asahihishe. Alichokirekebisha mwenyewe kiweke kando. Hicho kilikuwa kuteleza. Kilichobaki, muulize kwa nini aliandika hivyo. Kisha fungua madaftari ya wenzake. Mjaluo, ambaye lugha yake haina ngeli, na Mkamba, ambaye yake ina ngeli tele, wakikosea mahali pamoja, lugha ya mama si ya kukimbiliwa tena.

Tutaambiwa muda hautoshi, shule iko mbali, msimamizi anataka majedwali. Mbona muda wa kuhesabu makosa hayo yote ulipatikana? Siku moja zaidi darasani haimshindi mtu aliyekwisha kufika huko mara ya kwanza.

Jina lililobandikwa vibaya haliishii kwenye rafu ya maktaba. Mwalimu akiambiwa adui ni lugha ya mama, ataipiga vita, na tunawajua watoto waliovishwa kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya kwao. Mtoto huyo atanyamaza, na bado ataandika "kiatu yangu", kwa sababu hakuna aliyemfundisha upatanisho wa ngeli.

Watafiti, rudini darasani na insha hizo. Mwenye kosa yupo hai; muulizeni.