Kelele Si Kusikia

Wako watu wenye huruma nyingi na subira haba ambao, wamwonapo mzee wao ameanza kuuliza "Ati nini?" mara tatu kwa neno moja, hukimbilia dukani wakanunua kikuza sauti, wakakitia sikioni mwake, na wakajiona wamelipa deni la malezi. Nasema hawajalipa. Wamemwongezea mzee makelele.

Msomaji asidhani kwamba kikuza sauti na kisaidizi cha kusikia ni ndugu wawili waliotofautiana kwa bei tu. Juu ya meza huenda asivipambanue. Tofauti imo katika kazi. Uziwi wa uzee hauli sauti zote sawasawa. Huanza na zile nyembamba za juu, ambamo hukaa s, f na t. Mzee husikia a na o vizuri, lakini "futa" kwake yaweza kuwa "suta", na "saa" ikawa "taa". Ndiyo maana hulalamika kwamba vijana wa siku hizi humung'unya maneno. Kikuza sauti cha kawaida hupandisha kila kitu kwa pamoja: a hunguruma, sufuria hulia kama kengele, na s hubaki palepale ilipopotelea. Kisaidizi hurekebishwa kwa kipimo cha sikio la mwenyewe. Huinua kilichopungua, huacha kilicho kizima, tena huwekewa kikomo. Kikomo hicho si pambo, kwa kuwa sauti ipitayo desibeli 85 kwa saa nyingi huua vinyweleo vya sikio la ndani, navyo havioti tena.

Wapinzani huuliza: maskini afanyeje, ikiwa kisaidizi huuzwa kwa bei ya ng'ombe? Hoja hii ina uzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na kusikia, na wengi wao hawaishi katika nchi tajiri. Lakini ughali wa dawa haujapata kuugeuza unga kuwa dawa. Marekani, walipochoshwa na ughali huo, hawakusema kikuza sauti chatosha. Tangu Oktoba 2022 wameruhusu visaidizi vyenyewe viuzwe madukani bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani, kwa sharti la kikomo cha sauti. Kikuza sauti wakamwachia mwenye masikio mazima, kama mwindaji anayevizia nyayo za mnyama.

Sina ugomvi na mwindaji. Ugomvi wangu ni na muuzaji asemaye "tia tu sikioni" bila kuuliza sikio lina nini. Huenda limezibwa na nta, ambayo muuguzi huitoa kwa muda mfupi; huenda linatoka usaha; huenda limekufa ghafula upande mmoja, jambo lisilofaa kungoja hata wiki. Kikuza sauti huyafunika yote hayo. Mzee apelekwe kwanza kliniki, atazamwe na kupimwa. Na watoto wawezao kuchangiana fedha za arusi kwa miezi mitatu waweza pia kuchanga za masikio ya baba yao.