Kabla ya kupunguza nyama, tupunguze vichupa

Kila mgeni anayetoka Maskati kuja kwetu Croydon huulizwa swali moja kabla hajavua viatu: "Bizari umeleta?" Miaka mingi tumeishi hivyo. Mama anasaga kule Seeb, anafunga kwenye mifuko, anampa yeyote mwenye nafasi kwenye sanduku lake, na mimi huku napika mchuzi bila kujua hasa kilichomo.

Mwaka 2020 ndege zikasimama, na chupa ikaisha. Nikampigia simu. "Tia gilgilani, tia bizari nyembamba, pilipili manga, hiliki, mdalasini…" Kiasi gani, Mama? "Kiasi chake." Hapo ndipo nilipojiona: mwanamke wa miaka 40, sijui kutengeneza bizari ya kwetu. Nikaenda supamaketi nikanunua vichupa saba, na nikaendelea kuvinunua miaka mitatu.

Naandika haya kwa sababu naona familia nyingi za kwetu, hapa Uingereza na huko Ghuba pia, zikibana matumizi mahali pasipostahili. Tunakata nyama, tunakata samaki, halafu tunaacha pesa ivuje kwenye vitu vidogo ambavyo bibi zetu hawakuwahi kuvinunua.

Mwaka 2023 hatutausahau. Bei za vyakula Uingereza zilipanda zaidi ya asilimia 19 kwa mwaka, kupanda ambako hakujaonekana kwa zaidi ya miaka 45. Kodi ya halmashauri hapa Croydon nayo ikapanda karibu asilimia 15 kwa mkupuo, kwa sababu halmashauri yenyewe ilikuwa taabani kwa madeni. Mwezi huohuo mume wangu akapunguziwa masaa kazini. Tukaondoa mbuzi, tukaondoa samaki. Watoto wakawa wanakula pasta na sosi ya chupa siku nne kwa wiki. Mdogo wangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, wali wa nazi hatupiki tena?" Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nikakaa na kalamu na risiti. Kichupa cha bizari nyembamba cha gramu 40 nilikinunua pauni 1 na nusu. Inaonekana si kitu. Lakini lebo za rafuni hapa huonyesha pia bei kwa kipimo cha uzito, na hiyo ndiyo ya kusoma. Kwa bei ile, gramu 400 zingenigharimu pauni 15. Mfuko wa gramu 400, bizari nzima, kwenye duka la Waasia London Road ulikuwa pauni 4. Hiliki na karafuu tofauti yake ni kubwa zaidi. Sisi ambao wazee wetu waliishi kwa karafuu ya Pemba, leo tunanunua kiganja kimoja ndani ya kioo!

Basi nikampigia Mama tena, safari hii kwa video. Nikamwambia asinitajie kiasi, apime mbele yangu kwa kikombe cha chai. Ikatoka hivi: gilgilani vikombe 2, bizari nyembamba kikombe 1, pilipili manga nusu kikombe, vijiti 6 vya mdalasini, vijiko 2 vya hiliki, kijiko 1 cha karafuu. Kaanga kavu kwa moto mdogo, kila kimoja peke yake kwa sababu havishiki moto sawa. Fungua dirisha, la sivyo king'ora cha moshi kitawaita majirani. Acha vipoe kabisa ndipo usage, kisha changanya vijiko 3 vya manjano ya unga. Weka kwenye chupa kavu, mbali na jiko.

Baada ya bizari tukaendelea na vingine. Tangawizi, ndimu na pilipili mbichi nachukua soko la Surrey Street, ambapo watu wamekuwa wakinunua na kuuza tangu 1276. Tangawizi na thomu tunasaga pamoja, tunagandisha kwenye trei za barafu. Msiiache thomu iliyosagwa na mafuta nje ya friji, ina hatari. Mtindi natengeneza mwenyewe: maziwa yachemke, yapoe mpaka kidole kivumilie, tia vijiko 2 vya mtindi wa jana, funika kwa taulo ndani ya oveni iliyozimwa mpaka asubuhi.

Lakini tusidanganyane, si kila kitu cha nyumbani ni rahisi. Nazi zinazofika Croydon mara nyingi ni kuukuu, ukivunja tatu moja imeoza. Tui la kopo linashinda, nami sioni haya kulitumia. Samli pia, kwa bei ya siagi siku hizi, naona bora ninunue.

Kwa hesabu yangu naokoa kama pauni 25 kwa mwezi. Si utajiri. Ni kuku wawili na kilo ya mbuzi. Wali wa nazi umerudi mezani.

Kuna watakaosema ni aibu. Jamaa yangu mmoja aliniuliza, "Mnasaga wenyewe? Kwani hali imekuwa ngumu hivyo?" Nikamjibu ndiyo, imekuwa ngumu. Lakini kwa bibi yangu Unguja, aliyenunua bizari ya kusagwa ndiye aliyesemwa.

Wengine watasema hakuna muda. Hapo nina neno na wanaume. Mimi narudi zamuni saa mbili usiku. Ukiokoa pauni 25 kwa kumchosha mtu mmoja nyumbani, hujaokoa kitu. Kwetu mwanangu wa miaka 14 ndiye anayekaanga, baba yao anasaga na kusafisha mashine, binti anaandika vipimo kwenye daftari. Jumapili moja kila miezi miwili, saa moja na nusu, basi.

Na nyinyi mlio Ghuba, mnaosema haya hayawahusu kwa kuwa bizari iko tele sokoni, niwaulize: nyumbani kwenu nani anajua kuitengeneza? Kwenye nyumba nyingi nilizotembelea anayejua ni dada wa kazi, na bibi kizee ambaye hakuna aliyemuuliza. Muulizeni akiwa bado yupo, na kikombe cha kupimia mkononi.

Mwaka jana nilipokwenda Seeb nilibeba mfuko mmoja wa bizari ya Croydon. Mama akaufungua, akanusa, akatia kidogo kwenye ulimi.

"Hiliki umezidisha," akasema. Kisha akaichukua jikoni, akapikia mchuzi.