Mota au Kichukuzi? Istilahi za Uchukuzi Ndani ya Seli na Kichaa cha Mbwa Mkoani Mara

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa mbinu: kutohoa au kuunda, kufasiri neno kwa neno au kupanua maana ya neno la kale. Ni mara chache huulizwa nani atakayezitumia istilahi hizo, na asipozielewa atapata hasara gani. Makala haya yanachukua dhana moja ya biolojia, yaani protini zinazosafirisha mizigo ndani ya seli, na kuitazama katika mkoa wa Mara, ambako ina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Ndani ya seli mmetandazwa vijineli, yaani mirija yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Juu ya vijineli hivyo hutembea protini nyingine zilizobeba shehena. Katika seli ya neva, kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva za ngisi, aghalabu hupeleka mizigo nje kuelekea ncha. Dainini, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, huirudisha kuelekea kitovu cha seli. Kinesini ina miguu miwili inayopishana. Kila hatua ni nanomita 8, na hugharimu molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati katika seli. Ajabu ni kwamba wanasayansi wa Kiingereza huiita miguu hiyo vichwa. Kiswahili hakina sababu ya kurithi kioja hicho.

Uchukuzi huu una faida kubwa hasa katika neva, kwa kuwa uzi wa seli moja ya neva waweza kutoka kwenye uti wa mgongo hadi unyayoni, masafa ya karibu mita moja. Lakini njia hiyo ya kurudi hutumiwa pia na adui. Kirusi cha kichaa cha mbwa, kikiisha kuingia mwilini kwa jeraha, huweza kukaa katika msuli kwa muda, kisha huingia katika ncha ya neva na kubebwa na dainini kama shehena yoyote nyingine. Majaribio yameonyesha mwendo wa milimita 50 hadi 100 kwa siku. Ndiyo maana dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, na aliyeumwa usoni huwa na muda mfupi kuliko aliyeumwa mguuni. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, kuosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kupata chanjo kwa wakati huokoa maisha.

Jambo hili si la mbali. Wilaya ya Serengeti, jirani ya Bunda na Butiama, ni miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huu umechunguzwa kwa makini zaidi barani Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wilaya hiyo na Ngorongoro ulionyesha kuwa unaweza kukomeshwa kwa kuchanja mbwa kwa wingi. Hata hivyo, tazama jina lenyewe. Kichaa cha mbwa hutaja chanzo, mbwa, na hutaja mwisho, kichaa. Safari iliyo kati yao, ambayo ndiyo fursa pekee ya kuokoka, haimo. Mkulima wa Bunda ambaye jeraha lake limekauka baada ya wiki mbili hapewi na lugha sababu yoyote ya kudhani kuwa kuna kinachosafiri.

Kubadili jina la ugonjwa ni kazi bure, na haipendekezwi hapa. Kinachohitajika ni namna ya kuieleza safari. Katika mkoa ambamo Mjita, Mkwaya, Mzanaki, Mwikizu, Mkurya na Mjaluo hukutana zahanati moja, maelezo hayo yatatolewa kwa Kiswahili au hayatatolewa kabisa.

Wako watetezi wa utohoaji watakaosema protini mota, kwa hoja ya umataifa wa sayansi. Hoja yao inafaa kwa majina pekee kama kinesini na dainini. Kwa jina la kundi zima haifai, kwa sababu mota humfanya msikilizaji afikirie kitu kinachozunguka na kunguruma, na hapa pana kitu kinachotembea na kubeba. Katika mialo ya Musoma watu washushao sangara mitumbwini hutoa taswira iliyo bora. Hata hivyo, kuli lina harufu ya dharau, hamali ni la pwani zaidi, na mpagazi hurudisha fikra kwenye misafara ya karne ya 19. Limebaki mchukuzi, nalo lina tatizo la ngeli: mchukuzi anatembea, anaamua, anachoka. Protini haiamui. Ngeli ya KI-VI, iliyotupa kifagio na kizibo, huliondoa tatizo hilo. Hivyo inapendekezwa kichukuzi, wingi vichukuzi. Isisahaulike kuwa wasemaji wenyewe, walipopokea virusi, waliona vi- ya wingi na kuunda kirusi bila kungoja kamati yoyote.

Wanaohofu kwamba neno la kawaida halibebi maana ya kitaaluma wakumbuke Mabepari wa Venisi (1969). Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwaita wafanyabiashara wa Shakespeare kwa neno ambalo asili yake katika lugha za Bara Hindi ni mchuuzi tu, na ambalo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulitwika nadharia nzima ya uchumi.

Basi mwuguzi wa zahanati aweza kusema: "Kirusi kimeingia jerahani, kikiwahi kufika kwenye neva kitapata kichukuzi cha kukipeleka ubongoni, nacho hutembea polepole, kwa hiyo tuoshe sasa na tuanze chanjo leo." Katika maneno hayo yote, istilahi zilizokopwa ni kirusi na neva peke yake.