Mvua ya kwanza isimalize mbegu Liuli

KIANGAZI kinapoelekea ukingoni, wakulima wa Liuli na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa huanza kutazama milimani. Upepo wa mwera, ambao katikati ya mwaka huwazuia wavuvi kuingia ziwani kwa siku kadhaa mfululizo, unakuwa umepungua nguvu na joto linapanda. Mwishoni mwa Oktoba jua hupita utosini, na mchana mawingu hujikusanya juu ya milima ya Umatengo. Mara nyingine hunyesha mvua kubwa ya saa moja au mbili, na kesho yake duka la pembejeo linajaa watu.

Hasara nyingi huanzia hapo. Mvua ya namna hiyo mara nyingi ni unyevu wa ziwa lenyewe, uliopandishwa na joto na kugonga milima, ukanyesha kijiji kimoja na kuruka kingine. Mvua za Msimu, zinazotarajiwa kati ya Novemba na Aprili, huletwa na ukanda mkubwa wa mawingu unaolifuata jua kutoka kaskazini, nao hufika nyuma ya jua. Katikati panaweza kupita wiki kadhaa za ukavu.

Ekari moja ya mahindi huhitaji karibu kilo 10 za mbegu. Ikiota kisha ikakauka, mkulima amepoteza mbegu, vibarua na mbolea ya kupandia, na akirudi dukani huenda akakuta mbegu ya muda mfupi imekwisha. Aliyekopa atadaiwa mara mbili kwa shamba lile lile. Mwenye duka aliyemkopesha naye yumo katika hasara hiyo, ingawa siku ya mauzo alifurahi.

Kwa kawaida Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu karibu na mwisho wa Oktoba. Wengi wetu hushika maneno mawili tu, "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Kwa mpanda mahindi, lililo muhimu zaidi ni mvua zitaanza lini na zitatawanyika vipi. Aidha, utabiri huo husemea eneo kubwa. Liuli iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati sehemu za Umatengo zinapita mita 1,500. Hata ikitajwa tarehe moja kwa Ruvuma nzima, mtu wa pwani ya ziwa asipande kwa kumwangalia mwenzake wa Mbinga.

Kisha lipo neno El Nino. Redio ikilitangaza, watu hufikiria mafuriko. Msimu wa 2023/24 maporomoko ya tope yaliua watu Hanang, Desemba 2023, na mafuriko yakaikumba Rufiji. Lakini msimu huo huo Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, ilitangaza hali ya janga Machi 2024 katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame. Ruvuma iko kati ya pande hizo mbili, hivyo neno hilo peke yake halitoshi kumwambia mtu wa Liuli anunue mbegu gani. Kwa mfanyabiashara wa nafaka lina uzito zaidi, kwani njaa ya ng'ambo inaweza kuvuta mahindi ya huku na kupandisha bei.

Kipimo kinachotumiwa sana ni mvua ya milimita 20 ndani ya siku chache, isiyofuatwa na ukavu mrefu. Kopo lenye mdomo na kitako vilivyo sawa, likiwekwa mahali pa wazi, litaonyesha sentimita mbili za maji. Hilo halimhakikishii mtu mvua ya wiki ijayo, ndiyo maana mimi ningepanda sehemu ya shamba kwanza na kubakiza mbegu nyingine ndani. Muhogo ungepata nafasi yake kama kawaida. Wenye ngolo huko juu wana unafuu kidogo, kwa sababu mashimo yao hushika maji na udongo. Lakini kama bado wana kahawa kwenye vichanja, mvua hiyo hiyo ya Oktoba itailowesha, kwa hiyo turubai linunuliwe kabla ya mbegu.