Neno la Mwalimu: Je, mtoto afahamu anayoyasoma?



Hapa kwetu Shituru twaijua kazi ya kiwanda cha shaba, kilichoanza mwaka 1929. Mawe husagwa, hutiwa katika asidi, kisha nguvu ya umeme huikusanya shaba juu ya mabamba. Aliyeleta mawe tu hajaleta shaba bado. Kadhalika, mtoto aliyetamka herufi tu hajasoma bado.

Jambo hili nilifundishwa na mtoto. Siku moja, katika darasa la mwaka wa tatu, tulisoma kisa cha kijana aliyetumwa na mama yake kununua chumvi. Njiani akapoteza fedha. Aliporudi alikaa nje, asibishe hodi, mpaka giza likaingia. Msichana mmoja alikisoma chote bila kukwama, nami nikamsifu. Kisha nikamwuliza, "Mbona kijana hakuingia nyumbani?" Akanyamaza. Wenzake, ambao huitikia kwa sauti kubwa wote pamoja, nao wakanyamaza.

Ndipo mvulana wa benchi la nyuma akainua mkono. Husoma kwa kukwamakwama, nami nilikuwa nimemhesabu kuwa mzito wa akili. Akasema kwa Kiswahili cha nyumbani: "Si fimbo, Mwalimu. Eko na haya, juu mama hana tena feza."

Neno "haya" halikuwamo katika kisa kile. Alilitoa moyoni mwake. Miezi mingi nilikuwa nikimkaripia kwa ajili ya ulimi wake, wala sikumwuliza hata mara moja amefahamu nini. Kosa lilikuwa langu.

Wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika mwaka 1986 ya kuwa kusoma kwataka mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuifahamu lugha yenyewe. Likikosekana moja, kusoma hakupo. Msichana yule alikuwa na la kwanza, mvulana alikuwa na la pili. Wote wawili walihitaji msaada, lakini mimi nilimwona mmoja tu.

Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure katika shule za umma, watoto wengi wameingia madarasani. Ni jambo la kushukuru. Lakini mahali penye watoto wengi, kuitikia pamoja huficha mengi. Asiyefahamu hufungua kinywa pamoja na wenzake, na mwalimu hasikii tofauti.

Basi, tufanyeje? Kwanza, mwalimu akisome kisa chote mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesimulia. Pili, asione aibu kutumia lugha ya nyumbani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yazikubali lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mtoto asemaye "batoto" aelezwe kwa upole ya kuwa kitabu huandika "watoto", asichekwe. Tatu, aulizwe maswali matatu: Limetokea nini? Kwa sababu gani? Mtu huyu aona nini moyoni, nawe wajuaje?

Swali la tatu ndilo gumu, nalo lina faida kubwa. Watoto wengi wana maneno mawili tu: furaha na hasira. Tuwape mengine. Huzuni ni ya aliyepotewa. Majuto ni ya aliyekosa. Wivu si hofu, na haya si woga. Mtoto ajuaye jina la uchungu wake aweza kuusema kabla ya kupiga ngumi; na aliyeutambua uchungu wa kijana wa kitabuni atautambua pia kwa jirani yake wa benchi.

Nanyi wazazi msiseme, "Sisi hatukusoma." Mwazijua hadithi za Kalulu. Usiku simulieni moja, kisha ulizeni, "Yule aliyedanganywa aliona nini moyoni?" Ngojeni jibu, wala msilitoe ninyi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo alimkuta Mkushi akisoma garini, akamwuliza kama ameyafahamu. Yule akakiri ya kuwa hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo hakumkemea, alipanda, akaketi karibu naye.

Nasi jioni hii tuketi karibu na watoto wetu.